Uzoefu wangu na tar: miaka minne ya kufunga na kufungua picha za harusi

Jumatano moja asubuhi mama mmoja alinipigia simu. Mumewe alikuwa amefariki, na picha aliyoitaka kwenye jalada la programu ya mazishi ni ile niliyompiga mzee akicheka katika harusi ya binti yao, mwaka 2022. "Mwanangu, bado unayo kweli?" Wachapishaji wa River Road, hapa Nairobi, waliihitaji kabla ya saa nane mchana.

Nilikuwa nayo, kwenye diski ya nje, ndani ya furushi la gigabaiti 38 nililolifunga kwa tar, programu inayokusanya faili nyingi ndani ya faili moja. Nikafungua dirisha la amri:

tar -tf harusi-0822.tar | grep familia

Orodha ya faili zenye neno familia ikashuka. Nikaitoa folda hiyo moja, bila kugusa picha nyingine zaidi ya elfu tatu:

tar -xf harusi-0822.tar harusi-0822/familia

Kabla chai haijapoa, mzee alikuwa mbele yangu akicheka. Jina la folda lazima uliandike vilevile linavyoonekana kwenye orodha. Ukikosea hata herufi moja, tar itakwambia haimo.

Programu hii ni ya zamani. Ilikuja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, enzi ambapo faili ziliwekwa kwenye kanda za sumaku, na jina lake limetokana na kanda hizo (kwa Kiingereza, tape archive). Mpangilio wake ni rahisi: kila faili hutanguliwa na kichwa cha baiti 512 chenye jina, ukubwa na tarehe, kisha yanafuata yaliyomo. Furushi halina orodha kuu ambayo ikiharibika kila kitu kimepotea. Nililiona hili kwa macho yangu usiku stima ilipopotea Kayole nikiwa katikati ya kufunga, na betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani. Furushi lilibaki nusu. Nilipolifungua, tar ililalamika kwamba limeisha kabla ya wakati, lakini picha zote zilizotangulia pale lilipokatikia zilitoka salama. Tangu hapo naiamini.

Wengi huongeza herufi z kwenye amri ili furushi libanwe na kupungua ukubwa. Kwa barua na mikataba, sawa. Kwa picha za JPEG usijisumbue, maana zimeshabanwa tayari: utasubiri sana na kuokoa nafasi kidogo mno. Isitoshe, furushi lililobanwa lazima lisomwe tangu mwanzo hata ukitafuta picha moja, ilhali lisilobanwa tar hurukaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Mama yule angesubiri sana kama ningetumia z.

Ukinunua diski Luthuli Avenue, angalia kwanza imeumbizwa vipi, yaani imepangiwa kuhifadhi faili kwa mfumo gani. Yangu ya kwanza ilikuwa FAT32, ambayo haipokei faili inayofika gigabaiti 4, na tar ikagoma njiani. Niliiumbiza upya kwa exFAT, yakaisha.

Sasa jambo lililoniuma. Tar ya Linux, usipoizuia, haikuulizi chochote inapokuta faili yenye jina lilelile. Inaiondoa na kuweka ya kwake. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikisafisha picha za bibi harusi, nikizihifadhi kwa majina yaleyale. Kisha nikafuta folda ya kanisani kwa bahati mbaya, na kwa haraka nikafungua furushi zima palepale ili niirudishe. Kanisa lilirudi. Kazi ya siku mbili ikaenda. Nilikaa nikitazama ule uso wa bibi harusi ukiwa na vivuli vyote nilivyokwisha kuviondoa, nikajua nitaanza upya na mteja anasubiri Ijumaa.

Siku hizi nafungulia kwenye folda tupu, siku zote:

mkdir rejesho
tar -xf harusi-0822.tar -C rejesho

Pale ambapo lazima nifungulie penye kazi, naongeza --keep-newer-files, nayo inaziacha zile mpya kuliko za kwenye furushi. Ningependa ulinzi huo uwepo bila kuombwa. Mtu anayerejesha faili mara nyingi ana hofu na haraka, na huo si wakati wa kukumbuka maneno ya ziada kwenye amri.

Kasoro nyingine ni kwamba tar hukagua vichwa tu. Picha yenyewe ikiharibika ndani ya diski, itakutolea hivyohivyo kimya. Kwa hiyo kabla ya kufunga natengeneza orodha ya alama za picha zote kwa sha256sum, programu inayokokotoa alama ya kila faili kutokana na yaliyomo, na kuiweka ndani ya furushi. Kila Januari nafungua mafurushi kwenye folda tupu na kuilinganisha orodha hiyo kwa sha256sum -c. Mwaka huu picha mbili zilikataa, zote za furushi moja la zamani. Nilipanda matatu hadi Rongai kwa dada yangu, anakonitunzia diski ya pili, nikazichukua huko zikiwa nzima.