Uplink: Kuingia Kwenye Seva ni Rahisi, Kazi Iko Kwenye Kutoka

Katika michezo yote ya kompyuta inayoigiza udukuzi niliyowahi kuicheza, ninaourudia kila mara ni Uplink, uliotolewa mwaka 2001 na Introversion Software ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa na marafiki waliosoma pamoja Imperial College London. Hauna gari, bunduki wala adui wa kukimbizana naye. Mchezaji ni wakala wa kukodiwa, na kampuni humlipa aibe au aharibu faili za washindani wao. Kinachoonekana kwenye skrini ni kile tu ambacho wakala huyo angekiona kwenye kompyuta yake, hivyo kipanya ulichokishika ndicho kipanya chake, na woga wake unakuwa wako.

Kabla ya kuvamia seva, unafungua ramani ya dunia na kuunganisha kituo kimoja baada ya kingine, ili anayekufuatilia alazimike kupita kote huko kabla ya kukufikia. Kisha unawasha programu ya kuvunja nenosiri na kuzitazama herufi zikijipanga moja moja. Wakati huohuo programu ya kukuonya inaanza kulia, kwanza taratibu, halafu haraka zaidi kadiri wafuatiliaji wanavyokaribia. Toleo lake la bei nafuu hulia tu. Kwa la bei ya juu unaona hata sekunde zilizobaki, nami nakiri kwamba lile la kulia tu linatisha zaidi, kwa sababu unabaki kukisia kama faili lililofika nusu litamalizika kunakiliwa kabla hujalazimika kukata mawasiliano.

Hata hivyo, ubora mkubwa wa mchezo huu unaonekana baada ya kukata mawasiliano. Kila seva uliyoipitia imeandika kwamba ulipita, na usipofuta rekodi hizo wachunguzi watazifuata hatua kwa hatua hadi kwako. Niliwahi kuiba faili bila tatizo, nikasafisha seva niliyoiibia, nikalipwa na kununua prosesa mpya, kumbe rekodi yangu ilikuwa imebaki kwenye seva ya InterNIC, kituo cha kwanza cha safari yangu. Baadaye nikapata taarifa kwamba mashine yangu imekamatwa na Uplink, shirika la mawakala ndani ya mchezo, limenikana. Mchezo hujihifadhi wenyewe na hauruhusu kurudi nyuma, kwa hiyo wakala niliyemlea kwa wiki mbili aliishia pale. Nauona uamuzi huo wa watengenezaji kuwa sahihi kabisa, maana kufuta rekodi kusingekuwa na uzito wowote kama kosa lingerekebishwa kwa kubofya mara moja.

Kuna mahali pengine panaponifurahisha kila ninapofika. Baadhi ya seva zinadai sauti ya msimamizi, basi unatafuta namba yake ya simu, unampigia, anaitikia na kusema maneno machache, na sauti hiyo iliyonaswa ndiyo unayoichezesha mbele ya kufuli. Tendo lenyewe ni dogo, lakini linakukumbusha kwamba upande wa pili wa mtandao kuna mtu.

Kazi za kawaida huanza kufanana baada ya saa nyingi, na maandishi ni madogo mno kwa skrini za siku hizi. Anayetaka kuandika amri mwenyewe kwa mtindo wa Unix, mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa amri za maandishi, atafurahia zaidi Hacknet ya Matt Trobbiani wa Australia, iliyotoka mwaka 2015, ambayo nayo ni nzuri sana. Ila Hacknet inasimulia hadithi yake na kukupeleka inakotaka, ilhali Uplink inakuachia uchague mwenyewe ni hatari ipi unaiweza.

Jana usiku nimemsajili wakala mpya, mwenye mkopo wa krediti 3,000 na mashine dhaifu kuliko zote. Kazi yake ya kwanza ilipokwisha, nilirudi InterNIC kufuta rekodi kabla hata ya kuangalia kama malipo yameingia.