Ndani ya Mazda MX-5 na ndani ya Toyota GR86

Kati ya magari haya mawili madogo ya michezo, hapa Malindi mimi ningechukua GR86, ingawa kwa ufundi wa ndani MX-5 imeishinda. Tazama mlango wa MX-5: rangi ya bodi imeingia mpaka ndani, juu ya ukingo, utadhani umekaa nje. Inapendeza kweli! Lakini fungua paa saa saba mchana, uweke kiwiko hapo, uone kinavyoungua. Droo ya dashibodi pia haina. Vitu vyako unavitia kwenye kisanduku nyuma, katikati ya viti viwili.

GR86 ina plastiki ngumu nyingi, ukiigonga inalia kavu. Ila paa lake ni la bati, halifunguki, na viti vya nyuma vikilazwa unapakia magurudumu manne. Kaskazi ikivuma, mchanga na chumvi vinabaki nje.