Klachi Inateleza: Pleti Mpya au Springi Ngumu?

Pikipiki ya lami na vumbi ikishawekewa pistoni kubwa, klachi ya kiwandani hulemewa: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Kwanza hakikisha kebo haijakazwa kupita kiasi na oili ni ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili nyingi za gari huchangia klachi kuteleza.

Kwa bei, springi ngumu zinashinda wazi. Zinabana pleti zaidi, na kazi yenyewe ni fupi. Lakini pleti zikiwa zimelika, au zile za chuma zimeungua hadi zikageuka buluu, springi haziokoi kitu. Tena mkono wa klachi unakuwa mzito. Kwenye foleni ya feri Likoni, jua la Februari likiwaka, vidole vitauma kweli.

Pleti jenuini ni ghali, ila mkono unabaki mwepesi. Ziloweke kwenye oili kabla ya kufunga, tafadhali. Mafundi wengi wanaruka hatua hii.

Injini haijaguswa sana na unazunguka mjini tu? Pleti zatosha. Unapanda Shimba Hills na mzigo? Weka zote mbili. Pleti bado nene na safi? Anza na springi.