Eti "hujakosa kitu": mie, General Hospital na ile rekodi iliyokatika

Mie si mtu wa kuandika maoni kuhusu vitu nilivyolipia. Kikiharibika natupa, nanuna siku mbili, yamekwisha. Lakini kuna kijana wa huduma kwa wateja, wa kampuni ya kurekodi vipindi vya televisheni ambayo jina lake nalimeza, aliniambia neno moja kwenye simu na mpaka leo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mama, hizi tamthilia za mchana hata ukikosa wiki nzima hujakosa kitu."

Hujakosa kitu! Nilikuwa nimesimama jikoni na taulo ya bibi mkononi. Nikaiweka chini nisije nikairarua.

Nirudi nyuma kidogo, maana wengine mtajiuliza bibi gani. Nipo Marekani, nabeba boksi kama tunavyosema, na boksi langu mie ni bibi wa Kizungu wa miaka 80 na ushee, mjane, macho yamepungua nguvu, anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Namwogesha, nampikia, namgombeza akificha dawa chini ya mto. Na kila siku ya kazi saa tisa mchana tunakaa kutazama General Hospital. Hilo halina mjadala. Tamthilia yenyewe ilianza tarehe 1 Aprili 1963, enzi hizo ikiwa nusu saa tu, na bibi anasema ameanza kuitazama akiwa msichana. Ameitazama na mimba, ameitazama na msiba, sasa anaitazama na mie.

Nilipoanza kazi nilikuwa naicheka kimoyomoyo. Hospitali gani hii, sijawahi kuona foleni! Kwetu ukiingia hospitali saa kumi na mbili asubuhi umeshika namba ya 94. Pale Port Charles, mji wao wa kubuni ulioko jimbo la New York, manesi wana muda wa kusimama nyuma ya mlango kusikiliza siri za watu mpaka mwisho. Mgonjwa yuko hoi hajitambui, midomo imepakwa rangi. Madaktari hawana sindano mkononi, wana majibu ya vinasaba. Nadhani kipimo cha damu ya kawaida hawakijui, wanachojua ni kupima nani mtoto wa nani.

Basi nikawa nakunja nguo huku nasikiliza kwa sikio moja. Wiki ya tatu sikio la pili likafuata. Wiki ya nne bibi akaniuliza mbona nguo hazikunjwi.

Aliyenimaliza ni Carly. Bibi alinipa kisa chake kuanzia mwanzo, kwa utulivu wa mtu anayesimulia mambo ya ukoo wake. Carly alifika mjini 1996, binti mrembo, akajipenyeza kwa nesi Bobbie Spencer, akamchukulia mume, Daktari Tony Jones. Bobbie hajui kwamba yule anayelala na mumewe ni mtoto wake mwenyewe, aliyemzaa akiwa msichana mdogo akamtoa alelewe na watu wengine. Carly anajua. Ndicho kilichomleta: kumkomesha mama aliyemtupa. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini. Tanga nimesikia umbea wa kila aina, wa visimani na wa kwenye maulidi, lakini huo ulikuwa wa daraja lingine.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Huyo huyo Carly, miaka mingi baadaye, akagundua kwamba Willow, mpenzi wa mwanawe Michael, ni binti wa Nina. Nina alikuwa akimtafuta mtoto wake kwa miaka, akiwa na nusu ya kidani cha moyo, hata akaamini kwamba mtoto mwenyewe alikuwa Nelle, naye Nelle ameshakufa. Kumbe walikuwa pacha! Willow yupo, anamwona kila siku, na wanachukiana kama paka na mbwa. Carly akakaa kimya. Willow ana mimba na saratani ya damu, anahitaji mtu wa kumpa uboho, na ndugu wa damu ndio wa kwanza kupimwa, lakini Carly kimya! Kwa nini? Kwa sababu Nina naye aliwahi kumficha. Sonny, mume wa Carly, alipopoteza kumbukumbu akaishi kwenye kamji kadogo akijiita Mike, familia yake ikiamini amekufa, Nina alimkuta huko. Badala ya kuwapigia simu wenyewe, akampenda. Kwa hiyo hii ni zamu ya Carly.

Mwanamke aliyetupwa na mama yake anamnyima mama mwingine mtoto wake. Niambieni kama hilo si jambo la kumfanya mtu aunguze wali. Mie niliunguza.

Miezi tukasubiri. Kila siku bibi ananiambia la kuvunda halina ubani, kwa maneno ya kwao lakini, nimetafsiri mie. Mpaka ikafika ile wiki ambayo ilionekana wazi Nina atajua. Baridi ilikuwa imeshaanza kuuma. Na siku yenyewe, bahati yetu, ikaangukia siku ya figo.

Siku za figo tunarekodi. Ndiyo sababu nililipia ile huduma, kutoka mfukoni kwangu, maana watoto wa bibi walisema televisheni ya kawaida inatosha. Tukarudi jioni, bibi kachoka, hataki supu wala kubadilishwa nguo, anataka Nina. Nikafungua. Tukakuta mkutano wa waandishi wa habari. Mwanamume na tai, maikrofoni, maswali. Dakika zinakwenda. Ikaja tamthilia, na mie nikafurahi kama mjinga, kumbe kituo cha hapa mjini kilikuwa kimesogeza kipindi mbele, na rekodi ilianza saa tisa kamili na kujizima saa kumi kamili, haijali nani anasema nini. Tukaona Nina anaingia. Tukaona uso wa Carly. Nina akafungua mdomo.

Kioo cheusi. "Je, unataka kufuta rekodi hii?"

Bibi hakusema kitu. Alinyoosha mkono hewani akitafuta rimoti, akidhani ni macho yake.

Nikapiga simu. Muziki, muziki, halafu yule kijana. Nikamweleza kwa adabu, wallahi kwa adabu. Akanisomea kwamba rekodi "imekamilika bila hitilafu." Nikamwambia kijana, imekamilikaje na mwisho haupo? Akasema kipindi kizima kinapatikana kesho yake kwenye huduma nyingine, nijiunge, nayo ni ya kulipia. Yaani nilipe kwa jirani nikale chakula nilichoagiza kwake! Nikamwambia bibi ana miaka themanini na kitu, kesho kwake ni neno kubwa. Ndipo akacheka kidogo, kicheko kile cha puani, akasema hilo neno. Hujakosa kitu.

Ningeweza kuishia hapo niseme msijiunge, nyota moja, ikiwezekana nusu. Lakini nimekuwa nalifikiria lile neno kwa muda, na kinachonichoma zaidi ni kwamba, Mungu anisamehe, ana nusu ya ukweli. General Hospital inaburuza. Watu wawili wanaanza mazungumzo Jumatatu, Alhamisi bado wamekaa, kahawa ile ile haijapoa. Nikienda likizo wiki mbili nikirudi nakuta mtu yuko kwenye lifti ile ile. Aliyekufa anarudi, aliyerudi anakuta ana pacha. Jason wao alirudi wakakuta tayari kuna mwanamume mwingine mjini anayeitwa Jason. Hata tamthilia za Kifilipino tulizokuwa tukigombania rimoti na kaka zetu zilikuwa na aibu kidogo.

Na kuna mambo siwasamehi kabisa. Harusi ya Luke na Laura, Novemba 1981, ilitazamwa na watu milioni 30, Elizabeth Taylor mwenyewe akaja kuigiza, bibi anasema aliaga kazini kwamba jino linamuuma. Nikamuuliza walipendanaje. Akanyamaza, akasema, "Alimbaka." Mwaka 1979, humo humo kwenye tamthilia, halafu ikageuzwa mapenzi ya karne. Nilizima televisheni siku hiyo. Bibi akasema na yeye hakuipenda tangu zamani, ila jino aliling'oa hivyo hivyo. Hatukuongea mpaka chakula cha usiku.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza kukosa wiki. Unaweza kukosa mwezi. Lakini yule kijana hajui kitu kimoja: kuna dakika mbili au tatu ambazo ukizikosa umekosa yote, na huwezi kujua zitakuja siku gani, ndiyo sababu watu wanakaa miaka 60.

Mfano ni BJ. Mwaka 1994, BJ, binti wa yule yule Daktari Tony Jones, analelewa na Bobbie, anapata ajali kwenye basi la shule. Ubongo umekufa. Binamu yake Maxie yuko kitandani anasubiri moyo. Wazazi wanakubali. Kisha Tony anaingia chumbani kwa Maxie, anainama taratibu, anaweka sikio kifuani kwa mtoto wa mdogo wake, anasikiliza moyo wa binti yake ukidunda. Basi. Hakuna bunduki, hakuna pacha. Bibi alinitafutia kipande hicho mtandaoni kwa kunielekeza herufi moja moja. Nililia mpaka nikatoka nje kwenye baridi bila koti. Nimeosha maiti za watu wangu wawili, na sijawahi kuona mtu akiigiza ile namna baba anavyoinama.

Na Robin je? Robin aligundulika na virusi vya Ukimwi 1995, baada ya mpenzi wake Stone, ambaye alikufa mwaka huo huo. Mwaka huo kwetu mtu akikonda tulikuwa tunasema "ana umeme" au "kakanyaga waya", na kikombe chake kinawekwa pembeni. Huku binti anaonyeshwa mchana kweupe akimeza dawa, akawa daktari, akaolewa, akazaa mtoto mzima hana kitu. Ningependa mama yangu mdogo angeiona hiyo. Nimeandika sentensi hii nikaifuta mara mbili, nimeamua ibaki.

Turudi kwa rekodi. Kule nyumbani umeme ukikatika katikati ya tamthilia tulikuwa na dawa. Kesho yake alfajiri unakwenda kwa mama jirani, yule mwenye jenereta, unajifanya unaomba moto au chumvi, naye anakusimulia. Na anasimulia vizuri kuliko ilivyokuwa! Anasimama, anakuwa mke mwenza, anakuwa mzungu, anajipiga kofi mwenyewe. Nikiwa jikoni na ile taulo nikawaza, mie hapa mama jirani namtoa wapi?

Nikamlaza bibi. Usiku nikatafuta kwenye simu muhtasari wa kipindi, nikausoma mara tatu. Asubuhi, baada ya uji, nikamwambia akae sawa. Nikavua aproni. Nikawa Nina. Kiingereza changu ni cha kubeba boksi, lakini niliingia kwenye ile sebule kama Nina, nikamgeukia Carly, ambaye alikuwa jokofu, nikamuuliza tangu lini unajua. Nikaenda upande wa jokofu nikawa Carly, mkono kiunoni. Nikarudi.

Bibi alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Nina hapazi sauti hivyo. Nina sauti inamtetemeka kwanza. Rudia."

Nikarudia. Nikarudia mara nne, dawa za saa tatu zikaliwa saa nne.

Kuhusu kampuni: wameniletea ujumbe kuniomba nyota. Nikabonyeza moja. Halafu nikaona si haki, kwa sababu picha yao ni safi na siku nyingine rekodi inakwenda vizuri, nikaweka tatu. Halafu nikakumbuka kile kicheko cha puani, nikarudi mbili. Wiki iliyopita ndiyo nimegundua, mwenyewe, nikipekua pekua kwenye mipangilio, kwamba kuna mahali unaweza kuiambia rekodi iendelee nusu saa baada ya kipindi kuisha. Kipo siku zote! Kijana alikuwa anaweza kuniambia kwa sekunde kumi. Nimerudi kwenye moja.

Leo ni siku ya figo. Nimeongeza hiyo nusu saa.