Sauti ya DVD inakatakata: uchome upya au upunguze biti?

DVD uliyochoma (uliyoirekodi kwa kompyuta) inacheza vizuri kwenye kompyuta, lakini kwenye deki ya sebuleni inakatakata. Angalia inakwama wapi.

Ikianza kuelekea mwisho wa filamu, yaani ukingoni mwa diski, lawama ni za uchomaji. Choma upya kwa kasi ya 4x badala ya 16x, kwenye diski ya aina nyingine. Ni kama dakika 15 tu.

Ikikwama penye vurugu za picha, tuseme watu wakicheza ngoma, kuchoma upya ni kuharibu diski. Hapo tatizo ni wingi wa biti: video ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 9,000 na sauti ya PCM (isiyobanwa) ya 1,536 zinafika 10,536, wakati kikomo cha DVD ni 10,080. Geuza sauti iwe AC-3 (iliyobanwa) ya 192, video 6,000. Inachukua muda, lakini inatibu.