Lenzi mbili za milimita 500, moja ya kuvuta na moja ya urefu mmoja: uzoefu wangu Kitulo na Ruaha

Kwa anayepiga picha za ndege huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kununua lenzi ni kama ndege wako unawafuata kwa miguu au kwa gari. Ukali wa picha unakuja baadaye. Nilitumia Nikon 200-500mm f/5.6 kwa miaka kadhaa, lenzi ya kuvuta inayopanua fremu kwenye milimita 200 na kumvuta ndege karibu kwenye 500, na sasa natumia Nikon 500mm f/5.6 PF, ya urefu mmoja, isiyotoka kwenye 500, zote kwenye kamera ileile, D500. Nikipanda Kitulo au kuingia msitu wa Rungwe nabeba hii ya urefu mmoja. Nikienda Ruaha naomba ile ya kuvuta, wala sifikirii.

Ninalinganisha hizi mbili kwa sababu kwenye karatasi zinakaribiana mno. Zote zinafika milimita 500. Zote tundu la kuingizia mwanga likifunguka mwisho ni f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa hiyo zinaingiza mwanga uleule. Hata filta ni za kipimo kimoja, milimita 95. Ukitaka kujua ile namba 200 ina thamani gani, na kuikosa kunakupa nini, hakuna jozi inayokuonyesha vizuri kuliko hii. Ya kuvuta ilitoka mwaka 2015 ikiuzwa dola 1,400 hivi za Marekani. Ya urefu mmoja ilitoka 2018 kwa dola 3,600 hivi. Maana yake ulikuwa ukiombwa uongeze dola 2,200 upate lenzi ambayo hairudi nyuma. Ndiyo maana watu wengi wakisikia bei wanadhani muuzaji kakosea.

Unacholipia kwanza ni uzito. Ya kuvuta ina gramu 2,300, ya urefu mmoja ina 1,460. Hizo gramu 840 za tofauti zinakaribia uzito wa D500 yenyewe ikiwa na betri yake. Mezani dukani hutazihisi. Zitakukuta Kitulo.

Kwa wasiofika: ukitokea Mbeya mjini unashuka Chimala, kisha unapanda kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Wengi tunapanda kwa bodaboda, begi la kamera mgongoni, na kila kona begi linakuvuta upande wake. Juu ni uwanda wa nyasi kwenye mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Raha ya Kitulo ni kwamba unatembea kwa miguu. Hakuna mnyama mkubwa wa kukufungia ndani ya gari, na ndege wenyewe hawako barabarani. Tandawala wa Denham utamwona kwa mbali kwenye nyasi, naye kakuona kitambo, kila ukisogea hatua naye anasogea zake. Hapo milimita 200 hazina kazi yoyote. Katika picha zangu zote za uwanda ule nilizopiga na lenzi ya kuvuta, karibu kila moja inaonyesha 500. Nilikuwa nabeba uwezo wa kurudi nyuma mahali ambapo hakuna wa kumrudia.

Lakini aliyenifanya nibadilishe lenzi ni mbayuwayu buluu. Huyu ni ndege aliye hatarini duniani. Anakuja nyasi zetu za juu kuzaa wakati wa mvua, kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, kisha anaondoka kwenda maeneo ya jirani na Ziwa Victoria. Anawinda wadudu akiruka chini, juu kidogo tu ya nyasi, anakata kona bila kukuaga. Huwezi kumwekea stendi ya miguu mitatu ukamsubiri. Ni mkono, jicho na mabega yako, na unakaa hivyo lenzi ikiwa juu mpaka apite tena.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba kwa ndege anayeruka ya kuvuta ni bora: umtafute kwenye 200 ambako fremu ni pana, ukimpata uvute hadi 500. Kwa tai anayezunguka taratibu ni kweli kabisa. Kwa mbayuwayu sikubaliani nao. Pete ya kuvutia ya 200-500 ina mzunguko mrefu. Kutoka mwanzo hadi mwisho huwezi kuizungusha kwa mkupuo mmoja bila kubadili mshiko wa mkono, na ukibadili mshiko lenzi inacheza na ndege keshatoka. Halafu fokasi yake, ingawa si ya kulalamikia kwa ndege aliyetua, inachelewa kidogo pale ndege anapokujia uso kwa uso. Ile ya urefu mmoja inashika haraka zaidi na ikishashika haimwachi kirahisi. Kumpata ndani ya fremu nyembamba ni suala la mazoezi: macho yabaki kwa ndege, lenzi ndiyo ipande kuja usoni, si kichwa kushuka kuitafuta kamera. Fanyeni mazoezi na mbayuwayu wa kawaida wanaojenga kwenye mapaa ya nyumba zetu, wapo tele na hawana kiingilio. Mimi naweka kasi ya shata 1/2500 ya sekunde au zaidi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia ijipandishe yenyewe.

Uzito mdogo unafanya kazi kubwa hapo. Mkono ambao haujachoka unamfuata ndege kwa ulaini, na picha inatoka safi. Nilikuwa nikipata picha zilizotikisika nikidhani ni kasi ya shata. Zilipungua sana nilipobadilisha lenzi bila kugusa kasi hiyo.

Wepesi huo unatokana na kioo kimoja maalumu ndani, PF, kinachofuata wazo la Mfaransa Augustin-Jean Fresnel aliyetengeneza lenzi za minara ya kuongozea meli karne ya 19. Kioo kimechorwa pete nyembamba zinazopinda mwanga, hivyo kinafanya kazi ambayo ingehitaji vioo vizito kadhaa. Lenzi nzima ina urefu wa sentimita 24 hivi, inaingia kwenye begi la kawaida la mgongoni. Kasoro yake ni kwamba ukielekeza kwenye mwanga mkali wa nukta, mathalani jua linalochungulia matawini asubuhi, unaweza kupata duara la rangi kwenye picha. Nimeliona Rungwe. Sogea hatua mbili pembeni, linaondoka.

Rungwe kwenyewe sina mengi ya kusema kuhusu lenzi hizi. Chini ya miti ni giza, shorobo wa Livingstone anapita juu akionyesha wekundu wa mabawa kwa sekunde moja, na zote mbili zinateseka sawa kwa sababu f/5.6 ni f/5.6. Utapandisha ISO hadi 6400 na utashukuru kwa utakachopata. Anayeishi msituni kuliko uwandani atazame 300mm f/4 PF ya kampuni hiyohiyo: gramu 755 tu na mwanga mara mbili, ingawa atapungukiwa na umbali.

Sasa Ruaha, ambako mambo yanageuka kabisa. Kule gari ndiyo miguu yako. Hushuki popote unapotaka, wala huwezi kurudi nyuma hatua tano ili ndege aenee kwenye fremu. Hesabu iko wazi. Kwa sensa ya D500, milimita 500 kwenye umbali wa mita 15 inakupa fremu yenye upana wa sentimita 70 hivi na kimo kisichofika 50. Tai mla samaki aliyetua juu ya gogo pale kando ya Mto Ruaha Mkuu ana urefu wa mwili unaokaribia sentimita 70. Yaani umemkaribia vizuri, dereva kazima injini, mwanga mzuri, na ndege haenei. Kwenye 200 umbali uleule unakupa upana wa mita 1.75, anaenea yeye, gogo lake na maji nyuma yake. Hondohondo wa Ruaha naye, yule mwenye ngozi nyeusi kuzunguka jicho, mara nyingi yuko karibu na gari mno, anaokota wadudu bila wasiwasi. Unataka uso wake kwenye 500, halafu unamtaka mzima na mwenzake kwenye 250, na yote ndani ya dakika moja.

Na uzito ndani ya gari haukuumizi. Weka mfuko wa maharage dirishani, laza lenzi juu yake, kwisha. Tatizo la ya kuvuta kule ni vumbi la kiangazi. Ikirefuka na kufupika inavuta hewa ndani, na haina kinga ya vumbi na mvua kama ile ya urefu mmoja. Mimi nilikuwa nikiifunika kwa kitenge kila tunapopishana na gari jingine, na jioni naifuta kwa brashi laini kabla ya kuirudisha 200.

Kuna jambo la ndege wadogo ambalo wauzaji hawalitaji. Ya kuvuta inashika fokasi kuanzia mita 2.2, ya urefu mmoja kuanzia mita 3. Kwa chozi anayekunywa kwenye maua ya bustani pale Tukuyu, hizo sentimita 80 zina maana, maana yeye anakuja karibu mwenyewe. Ninalazimika kurudi nyuma wakati mwingine, ukuta ukiruhusu.

Wenye Canon mnauliza mara nyingi. Kwenu jozi inayofanana na hii ni 400mm f/5.6 ya mwaka 1993 dhidi ya 100-400mm ya toleo la pili la 2014. Ninyi nawashauri kinyume, hata kwa Kitulo: hiyo ya zamani ni nyepesi kwa gramu 1,250 lakini haina mfumo wa kutuliza mtikisiko na fokasi inaanzia mita 3.5, wakati ya kuvuta ina mfumo huo, inashika kuanzia chini ya mita moja, na uzito wake ni kilo moja na nusu hivi. Gramu 300 hazitoshi kuacha yote hayo.

Kwa anayeanza na Nikon na ana fedha ya lenzi moja tu, nunua 200-500, hata iliyotumika, ila izungushe pete mwanzo hadi mwisho usikilize kama inakwaruza mchanga. Itakufikisha kila mahali nilipotaja. Siku mabega yatakapokukataza kupanda Kitulo ndipo utafute hiyo nyingine. Zote zinakubali kamera mpya za Nikon za Z kwa kiunganishi kiitwacho adapta ya FTZ, kwa hiyo fedha haipotei ukibadilisha kamera.

Yangu ya kuvuta sikuiuza. Iko kwa mdogo wangu anayeendesha wageni kutoka Iringa, anaiweka ndani ya gari Tungamalenga, na mimi nikishuka huko naichukua kwake.