Una miguu miwili tu: je, ubao wako wa pedali unahitaji swicha ya lupu?

Habari za saa hizi wadau, karibuni. Huo mvumo mnaousikia nyuma yangu si amplifaya mbovu, ni upepo wa Dodoma. Mwezi wa nane huu, dirisha nimefunga na vumbi bado linaingia.

Hapa mezani nina ubao wangu wa pedali, yaani vile viboksi vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gita, na pembeni yake kuna lile boksi mnaloniulizia kila siku, swicha ya lupu. Hii ni Boss ES-5. Si yangu, nimeazimwa na mpiga solo mwenzangu wa Dar, imekuja kwa treni ya SGR, na nimepiga nayo Jumapili tatu kanisani.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: pedali zetu kawaida tunaziunga moja baada ya nyingine, gita linaingia ya kwanza, ya kwanza inaingia ya pili, hadi kwenye amplifaya. Kwenye swicha ya lupu kila pedali inaungwa na boksi kwa waya mbili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Njia hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo lupu. Pedali zenyewe unaziacha zimewaka muda wote. Boksi ndilo linaloamua sauti ipite wapi na iruke wapi. Hili lina lupu 5, na kila kitufe unakihifadhia mchanganyiko wako: hiki korasi (pedali ya kuifanya sauti iwe nene) na dilei (ya kurudia noti kama mwangwi), kile kompresa (ya kusawazisha noti za nguvu na hafifu) peke yake.

Sasa niwaambie kwa nini nililitaka. Wanaopiga kwaya mtanielewa. Mko kwenye kuabudu, taratibu kabisa, nina korasi, dilei ndefu na rivabu, ile ya kukufanya usikike kama uko kwenye ukumbi mkubwa. Ghafla mwimbishaji anapaza "Haleluya!", mpiga ngoma hasubiri mtu, tumeshaingia sebene. Sebene na dilei ndefu haviendi pamoja, noti zinakanyagana, unasikika kama wapiga solo wawili waliogombana. Kwa hiyo natakiwa nizime dilei, nizime korasi, nizime rivabu, niwashe kompresa. Mikanyago minne ndani ya pigo moja! Waumini wanadhani nimepandwa na Roho, kumbe nakanyaga kama mtu aliyevamiwa na siafu.

Kwa hilo, wadau, ES-5 haina mpinzani hapa kwangu. Kanyago moja, umeingia sebene. Hata mpangilio wa lupu unaubadilisha ndani ya boksi bila kugusa waya. Na Jumapili ya pili waya wa umeme wa dilei ulichomoka katikati ya wimbo. Zamani ningekuwa bubu hadi niutafute ulipo. Safari hii niliitoa dilei kwenye njia, gita likaendelea kuimba.

Ila wengi wenu mnaoniandikia hamsemi habari ya miguu. Mnasema, "Kaka, ubao wangu unavuma, sauti imefifia, ninunue swicha ya lupu?" Hapo ngoja kwanza. Fanya jaribio hili leo jioni. Chomeka gita moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mfupi, piga, sikiliza trebo, zile sauti kali za juu. Kisha pitisha kwenye ubao mzima, pedali zote zimezimwa. Kama ya pili inasikika kama mtu anayeimba amejiziba mdomo kwa kanga, mara nyingi tatizo ni urefu wa waya. Waya nyingi za gita zina kapasitansi, yaani mzigo unaomeza sauti za juu, ya kama pikofaradi 100 kwa kila mita, na pikapu (vile vinasa sauti chini ya nyuzi) za kawaida zisizo na betri hazina nguvu ya kuusukuma mzigo huo, kwa hiyo trebo ndiyo inayokufa. Dawa yake ni bafa moja, saketi ndogo ya kuipa sauti nguvu ya kupita waya mrefu, mwanzoni mwa ubao, na huenda unayo tayari bila kujua. Tyuna ya Boss TU-3, kwa mfano, bafa yake inafanya kazi hata ikiwa imezimwa. Ukiwa na fazi ya kizamani, pedali ya kukwaruza sauti, hiyo iweke kabla ya bafa, maana zile hazipendi kutanguliwa.

Mvumo nao, mara nyingi ni umeme. Pedali sita kwenye adapta moja yenye matawi, za dijitali zimechanganywa na za analogi, lazima zilie. Nunua pawa yenye matundu yaliyotenganishwa. Swicha ya lupu haitakutibu hapo.

Tena inaongeza waya! Pedali 5 zikiungwa kwa kufuatana zinahitaji vipande 4 katikati. Kwenye lupu ni vipande 10. Na vumbi hili letu linavyoingia kwenye jeki, ukisafiri na ubao kwenye bodaboda hadi Chamwino na kurudi, kila jeki ni mahali pengine pa kukwaruza. Dawa ya kupuliza ya kusafishia jeki iwe ndani ya begi.

Kuna mtego mwingine, hizi swicha za bei nafuu zisizo na kumbukumbu. Kitufe kimoja, lupu moja. Ukiwa na pedali nne kwenye lupu nne, bado unakanyaga mara nne! Umelipa pesa ili siafu wahamie boksi jipya.

Mimi nilimpelekea fundi wa redio hapa Majengo kazi ndogo: swichi moja ya kukanyaga yenye miguu 9 ya kuungia waya, jeki nne, kikopo cha bati. Lupu moja tu. Ndani yake nimeweka korasi, dilei na rivabu kwa pamoja, kwa kuwa kwenye ubao wangu zinafuatana. Kompresa naiacha imewaka ibada nzima. "Haleluya" ikisikika, nakanyaga mara moja, zote tatu zimetoka. Haihitaji umeme, labda uweke taa. Mwanzoni ilikuwa inapiga "pwa!" kwenye spika, fundi akaongeza rizista za megaomu 1 kwenda grandi (upande wa ethi), ikatulia. Kasoro iliyobaki ni mwangwi wa dilei, unakatwa papo hapo. Kuingia sebene hilo ni zuri, lakini wakati wa maombi linashtua, kwa hiyo hapo nazima dilei kwa mguu wangu, polepole.

Ukipiga bendi yenye nyimbo kumi na kila wimbo una sauti zake tatu nne, tafuta yenye kumbukumbu, utaipenda. Ukiwa na pedali nne na sauti mbili, mtafute fundi.

Hii ES-5 Jumatatu inapanda treni kurudi kwa mwenyewe. Sasa ngoja nichomeke kikopo changu, msikie wenyewe. Hii ni kuabudu... na hii hapa sebene.